Mambo ya Nyumbani: Bastola Mpya na Kidole Gumba cha Askari wa Zamani

Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya vitu vinavyoletwa nyumbani kutoka dukani: jiko la mkaa, pasi, chupa ya mafuta ya taa, dawa ya panya. Juma hili nazungumza juu ya kitu kingine kilichonunuliwa dukani, kwa leseni na kwa fedha halali, nacho sasa kinalala chini ya paa langu. Kitu hicho ni bastola. Nimekaa nayo wiki tatu tu, basi haya nisemayo ni mawazo ya mwanzo. Lakini mawazo ya mwanzo yana faida yake, kwani mtu akishakizoea chombo huacha kuona yale ambayo siku ya kwanza yalimshtua.

Bastola yenyewe ni Glock 19, ya toleo la tano lililotoka mwaka 2017. Nchi yake ni Austria. Mwenye kuibuni, Gaston Glock, aliyefariki mwezi wa Desemba 2023, hakuwa fundi wa bunduki asilia; karakana yake ilikuwa ikitengeneza fimbo za mapazia, na baadaye visu na majembe madogo ya askari. Jeshi la Austria lilipotaka kuiacha Walther P38, ambayo ni bastola ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, Glock alileta yake, ikakubaliwa mwaka 1982. Hiyo ilikuwa Glock 17. Mwaka 1988 akaipunguza urefu na kimo, ikazaliwa hii ya 19, ambayo tangu hapo imevaliwa na polisi wa nchi nyingi.

Fremu yake ni ya plastiki ngumu. Wapo wazee wenzangu ambao hawajaisamehe kwa sababu hiyo, na miaka ya 1980 huko Marekani ulienea uvumi kwamba bastola ya plastiki ingepita katika mitambo ya viwanja vya ndege bila kuonekana. Uvumi huo haukuwa na msingi. Mtutu na chuma chote cha juu ni feleji, na hakuna mtambo unaofanya kazi usioweza kukiona kipande kikubwa cha feleji namna hiyo.

Wauzaji huiita bastola ndogo. Hapa naomba tupime kwa rula, tusipime kwa maneno ya dukani. Urefu wake ni milimita 185. Makarov, ambayo iliingia katika jeshi la Umoja wa Kisovieti mwaka 1951 na ambayo askari wengi wa umri wangu wanaijua kama wanavyojua viatu vyao, ina urefu wa milimita 161 na kidogo. Maana yake ni kwamba hii inayoitwa ndogo ni ndefu kuliko Makarov kwa zaidi ya sentimita mbili. Udogo wake ni udogo wa mtoto anayesimama kando ya dada yake mkubwa, Glock 17. Ila uzito ndio unaostaajabisha. Makarov ni gramu 730 ikiwa na magazini tupu. Hii ni gramu 670 hivi, na magazini yake inachukua risasi 15, ambapo ile ya Makarov inachukua 8. Ukiibeba tupu unadhani umebeba kitu cha mchezo. Neno hilo, kitu cha mchezo, nitalirudia huko mbele.

Katika boksi lake mlikuwa na brashi, fimbo ya kusafishia, na migongo ya ziada ya mpini kwa wenye viganja vikubwa. Juu ya reli zake nilikuta grisi ya rangi ya shaba. Askari aliyefunzwa vizuri, akiona grisi ya kiwandani, kazi yake ya kwanza ni kuipangusa mpaka chuma kiwe kikavu, kisha apake mafuta yake mwenyewe kidogo. Hii lakini haipanguswi. Mtengenezaji ameiweka makusudi isaidie chuma kuzoeana katika siku za mwanzo. Nimeiacha, ingawa kila nikiitazama mkono unaniwasha.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Siku ya kwanza nilipoishika, kabla hata ya kulenga, kidole gumba changu kilipanda chenyewe kwenda ubavuni, nyuma ya chuma cha juu, kutafuta kitu. Kilikuwa kinatafuta kizuizi cha usalama. Katika Makarov kizuizi hicho kiko pale upande wa kushoto: ukikipandisha juu, nyundo inashuka bila kudhuru na bastola inafungwa, ukikishusha chini, iko tayari. Miaka mingi ya gwaride, zamu na doria imekifundisha kidole hiki kupanda na kushuka bila kuulizwa. Kwenye Glock hakuna kitu mahali hapo. Ni chuma kitupu, laini, na kidole gumba kikarudi mikono mitupu.

Si kwamba bastola hii haina vizuizi. Inavyo vitatu, lakini vyote vimefichwa ndani ya triga na nyuma yake. Katikati ya triga kuna ulimi mdogo. Usipobonyezwa, triga haiendi nyuma. Ndani kuna kipande kidogo cha feleji kinachoizuia pini isifikie risasi mpaka triga ivutwe, na kuna kizuizi cha tatu kinachoishika pini isije ikaachia bastola inapoanguka. Kila unapovuta triga vyote vitatu vinafunguka kimoja baada ya kingine. Ukiiachia, vinajifunga tena. Ni kazi ya akili, naisifu. Lakini mfahamu vinalinda dhidi ya nini. Vinalinda dhidi ya kuanguka na kugongwa. Havilindi dhidi ya kidole. Wala havilindi dhidi ya upindo wa shati, kamba ya koti au kishikio cha funguo kilichoingia penye triga wakati unairudisha bastola kwenye ala yake, kwani triga haijui kutofautisha kidole na kitambaa.

Mama watoto aliisikiliza hotuba yangu hii yote huku akichambua mchele, kisha akauliza swali moja: “Baba watoto, na ikikuponyoka mkononi?” Nikamjibu kwamba ikiponyoka, iachwe ianguke. Hakuridhika, na ninyi pia huenda hamkuridhika, kwa sababu kila mmoja wetu akiona kitu cha thamani kinaanguka mkono unaruka kukidaka. Bastola ya kisasa iliyo nzima imetengenezwa iweze kuhimili kuanguka. Haikutengenezwa ihimili vidole vinavyoparamia hewani kuidaka, kwani kimojawapo kinaweza kutua juu ya triga, na wakati huo mtutu unatazama popote. Iache ifike sakafuni, itulie, ndipo uiokote kwa mpini.

La kusafisha ni zito zaidi, nami nataka kila askari anayehama kutoka Makarov kwenda kwenye bastola za namna hii alisome mara mbili. Makarov hufunguliwa kwa kuvuta kikingio cha triga chini na kukisogeza pembeni, kisha chuma cha juu kinarudishwa nyuma na kuinuliwa. Triga yenyewe haiguswi. Glock haifunguki namna hiyo. Ili chuma chake cha juu kitoke, sharti uvute triga kwanza. Soma tena: ili uisafishe, sharti ufanye kitendo kilekile unachofanya ukitaka kupiga. Mtu akisahau risasi moja ndani ya chemba, basi kitambaa cha mafuta kiko mkono wa kushoto, bastola mkono wa kulia, na ukuta wa chumba cha watoto uko mbele yake.

Tena kutoa magazini peke yake hakutoshi. Bastola hii hupiga bila magazini. Aliyechomoa magazini akaiweka mezani na kusema “tupu” hajasema kweli mpaka amevuta chuma cha juu nyuma, akatazama chemba kwa macho, akaingiza ncha ya kidole kidogo humo akahisi uwazi. Na utaratibu una mpangilio wake: magazini hutoka kwanza, chemba baadaye. Ukianza na chemba, unatoa risasi moja na magazini inaingiza nyingine mahali pake, nawe unabaki umejiaminisha kwa jambo ambalo umelifanya kinyume. Mimi husafishia uani, mtutu ukielekea debe lililojaa mchanga, na risasi zote hubaki ndani kabatini. Jirani yangu hucheka debe hilo. Acheke.

Neno kuhusu risasi, kwa kuwa nimeulizwa na kijana mmoja wa polisi. Risasi ya Makarov huitwa “tisa” na risasi ya Glock huitwa “tisa”, lakini si ndugu wa tumbo moja. Ganda la Makarov lina urefu wa milimita 18, la Glock milimita 19, na risasi yenyewe ya Makarov ni nene kidogo kuliko ya mwenzake. Hazibadilishani. Asitokee mtu akaokota risasi za zamani katika droo na kuzijaribu katika bastola mpya kwa sababu namba imefanana.

Uwanjani nilikwenda mara tatu, na kijana huyohuyo wa polisi, koplo, akafuatana nami mara mbili. Teke lake si kali kama nilivyotazamia kwa bastola nyepesi, ingawa mtutu hupanda kidogo kuliko nilivyozoea. Nukta nyeupe ya mbele, na umbo la kikombe cheupe nyuma, huonekana upesi hata kwa macho yangu yanayovaa miwani. Kwa mita 7 risasi zangu kumi zingefunikwa na kisahani cha chai. Kwa mita 25 zilihitaji sinia. Koplo ana macho mazuri kuliko mimi, lakini risasi zake za kwanza zote zilikwenda chini, kushoto. “Afande, bastola hii imepinda,” akaniambia. Nikamwekea risasi bandia katikati ya zile za kweli, bila yeye kujua iko ya ngapi. Ilipofika zamu yake bastola haikulia, na sote wawili tukauona mtutu ukiinama wenyewe kuelekea ardhini. Basi alielewa. Triga ya Makarov, kama nyundo iko chini, ni nzito na ndefu kwa risasi ya kwanza, kisha inakuwa nyepesi kwa zinazofuata. Ya Glock ni ileile tangu ya kwanza hadi ya mwisho, nguvu ya kilo mbili na nusu hivi, na mkono uliozoea tabia mbili unakuwa kama unashtukia jambo lisilotokea. Baada ya risasi hamsini alikuwa ananishinda.

Nguvu hiyo ya kilo mbili na nusu ndiyo iliyonirudisha kwenye mambo ya nyumbani, maana nina wajukuu wanne wanaokuja kila likizo, na mdogo wao ana miaka minne.

Marekani ndiyo nchi yenye silaha nyingi mikononi mwa raia kuliko zote duniani, na madaktari wao wa watoto, kwa kuwa ndio wanaopokea majeruhi, wameyapima mambo ambayo sisi huyazungumza kwa kubahatisha. Mwaka 1995 walichapisha vipimo vya nguvu za vidole vya watoto. Walitaka kujua nani anaweza kuvuta triga nzito ya ratili 10, yaani kilo nne na nusu, kwa vidole viwili. Katika watoto wa miaka 3 na 4, mmoja kati ya wanne aliweza. Katika wale wa miaka 5 na 6, waliweza saba kati ya kumi. Na wa miaka 7 na 8, tisa kati ya kumi. Triga ya bastola yangu inahitaji karibu nusu ya nguvu hiyo. Nisingependa mtu yeyote aniambie tena kwamba mtoto mdogo hawezi.

Mwaka 2001 wakachapisha jambo jingine, lililofanyika Atlanta. Wavulana 64 wa umri wa miaka 8 hadi 12 waliwekwa katika chumba kwa makundi madogo madogo, makundi 29 kwa jumla, na ndani ya droo kulikuwa na bastola ya kweli isiyo na risasi. Makundi 21 yaliiona. Kati ya hayo, makundi 16 yaliishika, na katika makundi 10 walau mtoto mmoja alivuta triga. Karibu nusu ya walioiona walidhani ni kitu cha mchezo au hawakuwa na hakika. Na zaidi ya tisa katika kila kumi ya walioishika walikuwa wamekwisha kufundishwa juu ya usalama wa silaha. Baba zetu wangesema tumewaonya watoto, wamesikia. Wale nao walikuwa wameonywa, na walikuwa wamesikia.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na maficho. Najua maficho yetu yote, nanyi mnayajua: chini ya godoro, juu ya kabati, ndani ya gunia la mchele, darini, katika sanduku la sare za zamani. Watoto wanayajua kuliko sisi, kwani wao hushinda nyumbani na sisi hushinda kazini. Bastola yangu iko ndani ya kasha la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani, chemba tupu. Risasi ziko mahali pengine penye kufuli yake. Haikai ndani ya ala ya ngozi usiku, maana ngozi hunyonya unyevu na chuma huota kutu upande usiouona.

Wapo maafande watakaosema kwamba silaha iliyofungwa kwa kufuli mbili haimfai mtu saa nane ya usiku mlango unapovunjwa. Hoja hiyo si ya kudharau, na askari aliye zamuni ana amri zake ambazo si kazi ya ukurasa huu kuzigusa. Mimi nimestaafu. Nikipima wezi waliowahi kuvunja mlango wangu, na wajukuu watakaoingia chumbani mwangu mwaka huu, hesabu haijanitaabisha.

Jambo ambalo tumebishana sana na wenzangu ni la mke. Wengine hushikilia kwamba mke asijue hata funguo ziko wapi. Mimi nimemfundisha mama watoto, kwa bastola tupu na risasi bandia, namna ya kutoa magazini, kuvuta chuma nyuma na kutazama chemba. Ilimchukua jioni mbili. Kukivuta chuma hicho kulimshinda mwanzoni, mpaka alipoacha kukivuta na badala yake akakishika imara na kuisukuma fremu mbele. Hakutaka kuipiga, nami sikumlazimisha. Lakini mume akisafiri, akiugua, au akifa, chombo kinabaki na mwenye nyumba, na kumwachia mjane kitu asichoweza hata kujua kama kimejaa ni kumwonea.

Kuna sababu nyingine, nami nitaitaja bila kuzunguka kwa kuwa gazeti hili ni la askari. Si kila risasi inayolia nyumbani hupigwa na mtoto au mwizi. Aliyerudi kutoka mstari wa mbele akiwa halali usingizi, aliyefiwa, aliyelemewa na deni, aliyegombana na wake wa moyo: mtu huyo asilale na funguo za kasha. Tumekubaliana nyumbani kwangu kwamba yeyote kati yetu akiona mwenzake amebadilika, atazichukua funguo bila kuomba ruhusa, na bastola itapelekwa ghala ya silaha ya kituo mpaka siku nyepesi zirudi. Mwenzako wa kikosi anaweza kukufanyia hivyohivyo, nawe usimwone adui. Na wewe uliye katika hali hiyo leo, mwambie mtu mmoja kabla ya jioni.

Hadi sasa nimepiga risasi 150, wala haijakwama hata mara moja. Nataka zifike 300 kabla sijaivaa kiunoni, na hata hapo itategemea ala. Fundi ngozi wetu wa sokoni alinionyesha ya kwanza wiki iliyopita, imeshonwa vizuri ajabu, lakini ilikuwa imeacha triga wazi kwa upana wa kidole kizima. Nikamrudishia na kumchorea kwa chaki mahali ngozi inapotakiwa kufika. Ameahidi Jumamosi.